Mstari Usiotaja Zahanati

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Manyoni, mwanangu, na kama kusahau kungekuwa hiari yangu ningeshaisahau. Nilikuwa binti mbichi, nimeajiriwa kutunza programu iliyopokea maombi ya gari la wagonjwa kutoka zahanati za ndani huko, upande wa Itigi, na kuyatuma kwenye simu ya dereva.

Programu ya namna hiyo huwa na loga, yaani sehemu inayoandika kumbukumbu ya kila kinachotokea, mstari kwa mstari. Kaka Elia, aliyenitangulia kazini, alikuwa amenielekeza: ombi likiingia tu, ifungie loga jina la zahanati na namba ya ombi, mara moja, ili mistari yote ya ombi hilo ivibebe. Nikamwona ana makuu. Mimi nikawa naandika jina kwa mkono, mstari huu ndiyo, ule sikukumbuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile guu lililovunjika halikuwa langu.

Mchana huo zahanati kadhaa ziliomba gari kwa pamoja. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari: "Ujumbe haukumfikia dereva." Basi. Wa zahanati ipi, haukusema, maana huo ndio mstari niliosahau kuutia jina. Tukapiga simu kote kuuliza ni ipi bado inasubiri gari. Zahanati mbili hazikupatikana, mtandao ulikuwa umekatika kwa mvua. Tukabahatisha, dereva akatumwa kwenye moja. Haikuwa hiyo. Alipogeuza gari na kufika ya pili kwa matope yale, mama aliyekuwa akijifungua alikuwa ameshafunikwa shuka, na mtoto wake hakulia.

Baada ya maziko baba wa yule mama, Mzee Ntandu, akaja ofisini. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa, akaweka kofia gotini.

"Ombi la mwanangu lilikaa humu kwa muda gani kabla hamjajua ni lake?"

Nikafungua kumbukumbu za siku ile. Mistari ya maombi yote ilikuwa imechanganyika, nami sikuweza kuuchambua wa binti yake nikasema huu ndio.

"Sijui, baba."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Kwetu," akasema, "ukitumwa kupeleka habari ya msiba, kabla hujakaa unataja umetoka mji wa nani na umetumwa na nani. Ukifika ukasema tu kuna msiba, kila mama atamlilia wa kwake, na mwenye msiba mwenyewe atakuwa wa mwisho kujua. Hii mashine yenu nani aliituma bila kuifundisha hilo?"

Akavaa kofia yake akatoka. Nililia, mwanangu, na Kaka Elia akafunga mlango ili watu wasinione. Kesho yake tukairekebisha programu pamoja, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo sijaweza kupita njia ya nyumbani kwa yule mzee.

Sasa nawe unaanza kazi hizi, na nimesikia mkisema loga ni jambo dogo la kumalizia. Sikiliza. Usitegemee mkono kuandika jina mstari kwa mstari. Mkono husahau, na husahau palepale penye balaa. Ombi likiingia mlangoni, lipe utambulisho wake wote hapo hapo: zahanati, namba ya ombi, dereva. Ifungie loga hayo, ili hata mstari utakaouandika ukiwa umechoka utoke nayo. Na kubalianeni majina wote mnaofanya kazi pamoja, mmoja asiandike "kituo" na mwenzake "zahanati", mtakuja kutafuta msione. Jina la mgonjwa liache, siri ya mtu ni yake, namba inatosha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusikia unaloambiwa kabla halijakuuma. Azijalie mvua zako zisikukutanishe na habari isiyo na mwenyewe. Na kama siku moja mzazi atakuja kukaa mbele yako na kofia gotini, Mungu akujalie uwe na la kumjibu.