Siku Aliyozaliwa Shakira

Zaituni binti Usumani, fundi aliyeshona kanzu za misikiti mitatu, mjukuu wa mchimba kisima cha mtaa wetu, hasahau hata siku moja aliyoishi. Wataalamu wa ubongo walimlaza ndani ya mashine wapime kumbukumbu hiyo, wakamwuliza alimzaa lini bintiye Shakira.

“Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, 1975.”

Daktari mmoja wao akatazama kitambulisho cha Shakira, aliyemsindikiza mamaye. “Mukecuru, bibi yangu, umekosea. Hapa ni Januari mosi.” Akamwandikia kosa.

Zaituni akawaka. “We mwana! Umeona kwenye mashine sehemu zote za ubongo wangu zikishirikiana, halafu unamwamini karani mvivu wa vitambulisho? Mtaa mzima ametuandikia Januari mosi! Uchungu nilipata mimi au yeye?”

Akamgeukia bintiye. “Shakira, nenda ofisi ya sekta, kwa huyo karani. Usirudi mpaka wakuandikie siku yako.”