Mkate wa Upande wa Pili

Fundi Chachu hakuwahi kuoka mkate kwa saa. Si kwamba saa hazikuletwa. Ukutani mwa chumba cha tanuri zilishatundikwa tatu, kila moja kwa wakati wake, na zote zilikufa kifo kimoja: unga uliingia, mvuke ukafuata, mishale ikagoma. Kipimajoto cha tanuri nacho kilikuwa kimekwama kwenye namba ileile tangu enzi za marehemu mume wa mwenye duka. Kwa hiyo Fundi alioka kwa kaseti. Trei zikiingia tanurini, anabonyeza upande wa pili. Nyimbo sita zikiisha, anafungua mlango, mikate imeiva. Ukimuuliza mkate unachukua dakika ngapi, alikutazama kama umemuuliza uzito wa mkewe.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya kundi la Waswidi, dada wawili na mwanamume mmoja mwenye miwani, waliopiga muziki wa dansi kwa vinanda vya umeme. Albamu yao ya kwanza ilitamba kila pembe. Hata mtu asiyejua Uswidi iko upande gani wa dunia aliuimba ule wimbo wao mkubwa, nusu kwa maneno, nusu kwa kuguna. Albamu ya pili ilijikongoja. Ya tatu hakuna aliyeshughulika nayo, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ya Fundi.

Aliipata bila kuitafuta. Enzi za uchumba wao, mkewe alimtuma amnunulie ile ya kwanza. Muuza kaseti alikuwa ameishiwa, akamshikisha hii, yenye picha ya watu watatu waliosimama kwenye theluji na makoti mepesi, hakuna anayetabasamu. "Ni walewale," alisema muuza kaseti, akapokea hela yake akamgeukia mteja mwingine. Mchumba alisikiliza nyimbo mbili, akaichomoa. "Hawa wamefiwa," alisema. "Mimi nilitaka kucheza." Alikubali kuolewa hivyo hivyo, na kaseti ikahamia kazini.

Huko ndiko Fundi alikoipenda, tena kwa kupenda kusikokuwa na aibu. Midundo ilikuwa ya harusini, lakini sauti iliyoimba juu yake ilikuwa ya mtu aliyebaki nyuma kuosha vyombo baada ya wageni kuondoka. Ilikuwa sauti nzito, ya pole, isiyo na papara. Fundi hakuelewa hata nusu ya maneno, na wala hakujisumbua kuyauliza. Aliamini tu kwamba yule dada mkubwa ni mwanamke wa makamo aliyeona mengi, na kwamba wangekutana wangeelewana. Kaseti ilipochakaa aliinakili kwenye nyingine, na nyingine, mara nne kwa jumla. Kila dereva aliyeleta magunia ya unga aliambiwa kwamba hii ndiyo kazi bora ya wale Waswidi, na kila dereva aliuliza kama hana ile ya kwanza. Miaka ishirini na sita, hakupata hata mtu mmoja wa kumuunga mkono. Mkewe ndiyo kabisa. Alisema bora angepata mke mwenza wa kuonekana kuliko huyu wa kwenye redio.

Kisha magoti yakaanza kumsumbua, na ikabidi tanuri lipate mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, mama wa watoto wawili aliyekuwa akipiga pasi kwa dobi. Alikuwa amejifunza kwa mjomba wake miezi sita, siku zake za mapumziko, mpaka mikono yake ikaujua unga. Akaacha kazi kwa dobi, na huko nyuma yake mlango ulishafungwa, maana nafasi ilijazwa siku hiyohiyo. Mwenye duka, mama mmoja mkavu ambaye kucheka kwake kulihitaji maandalizi, alimpa wiki moja ya majaribio.

"Na wewe Fundi ubaki nyumbani," alisema. "Ukiwepo hapa utakuwa unamnong'oneza. Nataka nijue anaoka kwa akili yake, siyo kwa kubahatisha."

Fundi alitii. Ila siku ya mwisho, akiaga, alibeba redio yake ya kaseti kwapani. Ilikuwa mali yake, na moyo ulikataa kuiacha.

"Usijali, mjomba," mpwa alimwambia. "Hiyo albamu nimeipata kwenye simu."

"Ipo? Yote?"

"Yote. Na upande wa pili nimeshajua unaanzia wapi."

Fundi alitembea mpaka nyumbani akitabasamu peke yake, magoti na yote.

Jumatatu mikate ilitoka imepauka, katikati mbichi. Mshonaji wa duka la ng'ambo ya barabara, mteja wa kila siku, aliurudisha wake akiwa ameuminya ukabaki na alama ya kidole gumba. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano ilirudi mikate kumi na moja, na mwenye duka aliipanga kwenye kaunta mmoja baada ya mwingine, kisha akasema: "Kesho ukirudi hata mmoja, keshokutwa naleta mtu mwingine."

Jioni ile mpwa alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake. Hakukaa hata kitako vizuri.

"Mjomba, unga wangu unamwagika."

Fundi aliposikia habari yote alikunja uso, na hapa lazima tuseme ukweli, hakuwa mjomba mzuri kwa dakika kama kumi hivi. "Unafungua mlango mapema," alisema.

"Sifungui mpaka wimbo wa sita uishe."

"Basi umeruka wimbo."

"Sijaruka."

"Mimi mkate wangu haujawahi kurudi hata siku moja. Hata moja."

"Najua, mjomba. Mji mzima unajua, umeuambia mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, aliona hawa wawili wataamka na mwaka mpya wangali wanabishana. "Si mziweke zote mbili hapa mezani tusikie nani karuka nini?" alisema. "Hilo nalo linahitaji mahakama?"

Redio ikaletwa, ikawekwa kando ya simu. Fundi alitafuta mwanzo wa upande wa pili, mpwa akashika simu, wakahesabu mpaka tatu wakabonyeza pamoja.

Kwa pumzi chache za mwanzo ilikuwa fujo ya kawaida. Kisha simu ikatangulia. Ilikuwa inakimbia, redio inaifuata nyuma ikijivuta, na kufika wimbo wa pili tayari ilikuwa kama watu wawili wanaogombana kwa lugha moja. Mpwa alipunguza sauti ya hiki, akaongeza ya kile, akageuza tena. Hakuna wimbo uliorukwa. Ulikuwa uleule, ila mmoja una haraka.

"Na huyu wa kwenye simu mbona mtoto?" aliuliza mke.

Kweli. Ile sauti nzito ya mwanamke wa makamo, kwenye simu ilikuwa ya msichana, nyepesi, ya mtu wa miaka ishirini na kidogo anayewahi mahali. Simu ilimaliza nyimbo zote sita wakati redio bado iko kwenye wa tano. Mpwa alikuwa ameangalia muda. "Simu dakika ishirini na tano," alisema redio iliponyamaza. "Hii yako ishirini na tisa."

Alichukua kisu akafungua mgongo wa redio. Ndani kulikuwa na unga, unga wa miaka, umeshikamana na mafuta ukawa kama ugoro, na mkanda mdogo wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umelegea kama lastiki ya nguo kuukuu. Fundi ndiye aliyemalizia hesabu kichwani, maana tanuri alilijua kuliko mtu yeyote. Mlango wake ulikuwa umelegea bawaba, joto likivuja kidogo zaidi kila mwaka. Redio ilikuwa inachelewa, tanuri linapoa, na vyote viwili vilizeeka kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mkate haukuwahi kulalamika. Alikuwa amemfundisha binti wa dada yake kila kitu, kisha akaondoka na kile kitu kimoja kilichokuwa kinafanya yote yaende, kwapani.

Aliona haya. Lakini chini ya haya kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi, nalo alishindwa kulisema mbele ya wanawake wale wawili: yule mwanamke aliyeoka naye miaka ishirini na sita hakuwepo. Alikuwa ametengenezwa na unga na mpira uliolegea.

"Bibi wa watu unamtetea miaka yote hii," mkewe alisema kwa upole, akimsogezea kikombe, "kumbe ni binti."

Mpwa hakucheka. "Mjomba, kesho nikioka dakika ishirini na tisa mkate utaiva. Lakini yule mama atasema nilikuwa mzembe siku tatu, ya nne nikabahatisha. Na kubahatisha alisema hataki."

Fundi alielewa alichoombwa. Angeweza kunyamaza. Jina lake lingebaki safi, fundi asiyewahi kurudishiwa mkate, na mpwa angejitetea mwenyewe au ashindwe. Usiku ule alilala vibaya, na asubuhi alivaa shati la kutokea.

Alimkuta mwenye duka kwenye kaunta, akihudumia mshonaji wa ng'ambo. Alitamani kusubiri mshonaji aondoke, kisha akajua kwamba akisubiri hatasema.

"Mama, ile mikate mibichi si kosa la huyu binti. Ni langu," alisema, akaeleza: redio, unga, mkanda, dakika nne. Alipofika kwenye kaseti mshonaji aliacha kabisa kukagua mkate wa jana aliokuwa ameushika.

Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho. "Yaani mkate wangu, miaka yote hii, umekuwa ukiokwa na redio mbovu?"

"Na tanuri bovu, Mama. Hilo ni lako."

Mshonaji aliangua kicheko, na mwenye duka, bila maandalizi yoyote, akaguna kitu kilichokaribia kicheko. "Tutaona kinachotoka leo," alisema. "Kaa hapo. Huko nyuma huingii."

Basi Fundi akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Mpwa alichungulia mlangoni, mikono imejaa unga, kabla ya kuingiza trei.

"Nimeshapiga hesabu, mjomba. Nyimbo sita za upande wa pili, halafu naongeza ule wa kwanza kabisa wa albamu. Ni dakika nne kasoro kidogo. Inatosha."

"Simu si ina saa? Weka saa tu, dakika ishirini na tisa."

"Nimeizoea," alisema. "Na ni nzuri, mjomba. Mimi naona ni nzuri kuliko ile ya kwanza." Akarudi ndani.

Fundi alibaki ameshika magoti yake mawili. Miaka ishirini na sita alikuwa na jibu tayari la neno hilo, hotuba nzima, na sasa hakuihitaji. Alifurahi tu, akakaa na furaha yake kwenye benchi.

Trei zikaingia, muziki ukaanza nyuma ya ukuta. Kwa wimbo wa kwanza alimtafuta mwanamke wake, akamkosa. Kwa wa tatu aliacha kumtafuta. Msichana alikuwa anaimba, ana haraka na ana huzuni kwa wakati mmoja, kama wanavyokuwa watu wa umri ule, na midundo ilikuwa inamsukuma mbele bila kumpa nafasi ya kulia. Kumbe ndivyo walivyotaka isikike. Kumbe ilikuwa ya kucheza. Fundi aligundua mguu wake unapiga sakafu, goti bovu lenyewe, na mshonaji, ambaye hakuwa na haja tena ya kuwepo pale lakini hakuondoka, aliuliza huu ni muziki wa nani.

"Waswidi," Fundi alisema. "Albamu yao ya tatu. Watu waliipuuza."

Nyimbo sita zikaisha, ukaja ule wa nyongeza, ukaisha. Mlango wa tanuri ulilia bawaba. Mwenye duka aliingia ndani, na wale wawili wa benchini walisikia trei ikiwekwa mezani, kisha mkate ukigongwa chini kwa kidole, kisha ukimegwa. Mama yule alikuwa anatafuna, na alitafuna bila haraka.

"Fundi!" aliita.

Fundi Chachu aliinuka nusu kutoka kwenye benchi, mdomo umeshafunguka kusema naam. Lakini huko ndani mtu mwingine alikuwa ameitika tayari.

"Abee, Mama."

"Kesho ongeza trei mbili."

Fundi Chachu akakaa tena, taratibu, akasubiri zamu yake ya kununua mkate.