Ukuta wa Mwalimu wa Kuchomelea

Mwalimu wa kuchomelea vyuma katika shule yetu ya serikali, hapa Ohio, ana vidole vyenye makovu madogo ya cheche, na huipuliza kahawa yake hata ikiwa imeshapoa. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nafagia karakana yake. Kila anayemaliza masomo huambiwa naye jambo moja: "Mshahara wako wa kwanza, niletee hati yake." Nao huleta. Hati yake mwenyewe, ya mshahara wa ualimu, ameibandika ukutani, chini kabisa. Huvaa miwani, husoma polepole, na akiona ya mwanafunzi imezidi yake, huibandika juu huku uso umemchangamka kama mtu aliyepata mjukuu. Ukuta umejaa mpaka karibu na dari.

Jana alikuja Delaney, aliyemaliza mwaka jana, anacheka tangu mlangoni. Mwalimu akaisoma hati yake mara mbili, akaikunja taratibu, akamrudishia.

"Hii haipandi ukutani, mwanangu."

"Jamani, Mwalimu! Si imelingana kabisa na yako?"

"Ndiyo maana." Akamshika bega. "Kesho kamwambie bosi wako wewe ni fundi. Asikulipe kama mwalimu."