Kafuri na Mentoli Zilivyonipeleka Kibondo

Miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa chumba cha dawa hospitalini Kasulu. Darasa la saba nililimaliza kwa neema tu, lakini ndoto nilikuwa nazo za profesa. Kubwa kuliko zote ilikuwa binti mmoja wa Kibondo, aliyelelewa na shangazi yake, mama ambaye ukali wake ulikuwa unasimuliwa mpaka Kasulu.

Nilihitaji mshenga. Nikamwomba mfamasia wetu, mtu wa Tanga, msemaji hasa, ila alipenda ubishi kuliko chakula. Akaweka mezani chupa mbili, kafuri na mentoli, zote chenga nyeupe.

"Nikizitwanga pamoja, zitagandana ziwe jiwe moja? Ukibashiri sawa, naenda kukusemea. Ukikosa, utakwenda mwenyewe."

Nikazitazama. Zote nyeupe, zote zinanukia, zote ukiziacha wazi zinatorokea hewani.

"Hizi ni za tumbo moja, mzee. Zitagandana kama sukari guru!"

Akatwanga. Chenga zikalowa, zikawa uji, zikawa maji matupu. Nilizionea huruma nikamsihi aache, labda zinaumia. Alicheka mpaka miwani ikadondokea kinuni.

"Tofali za Kasulu na za Buhigwe zote nyekundu," akasema, "ila kalibu mbalimbali. Zichanganye uone kama ukuta utasimama. Rangi na harufu hazikwambii kitu, bwana mdogo. Tazama umbo."

Yale maji akayatia kwenye mafuta ya kupaka, akanikabidhi chupa. "Haya, safari njema."

Nikapanda lori. Chupa ilivuja kidogo, na abiria wote wakafika Kibondo wakitokwa machozi, mafua yamewaachia.

"Mwakeye, shangazi. Shikamoo," nikamwamkia kwa Kiha mlangoni kwake.

"Marahaba. Mshenga yuko wapi?"

Nikamweleza yote, chenga, kinu na tofali. Nyuma ya mlango mtu alicheka. Nikajua ni nani.

"Yaani hata chenga zako hujui zitakuwaje," shangazi akasema, "halafu unataka mke?"

"Ndiyo, shangazi."

Akanusa chupa. Akanyoosha mguu. "Goti hili linaniuma tangu mvua zianze. Paka."

Nikapaka.

"Ulichokuja kusema sema, ila mkono usisimame."

Nikasema mpaka goti la pili. Hapo akamwita binti alete uji, akaniambia, "Wazee wako waje."