Unywele wa Kidevuni

Mtafiti huyu hafungi mlango, anausindikiza taratibu mpaka ufike kwenye fremu, maana fuwele zake, vijichembe kama vya sukari, zikishtuliwa hazioti. Vidole vyake ndivyo visivyotulia. Muulize kazi yake, atavikunja na kuvinasisha kama kulabu. "Bibi, mlinzi wa seli akimwona kijidudu mlangoni, hana mdomo wa kusema na walio ndani. Kuna protini ya katikati. Inashikana na wenzake hivi, habari inapita, mwili unaamka."

"Kumbe hata mwilini kuna mmbea!" bibi yake humjibu.

Basi umbo la mmbea huyo ndilo lililomkondesha. Bila fuwele nzuri za protini hiyo hakuna picha ya umbo, na mkuu wa maabara alishasema zisipoota kufikia kesho, kazi inafungwa. Alikuwa na fuwele mbovu tu, za kusagwa ziwe mbegu. Mbegu hizo hupakwa kwenye tone jipya la protini kwa unywele mgumu wa sharubu za paka, na paka wa jirani siku hizi akimwona tu anapanda paani. Mtafiti akamtazama bibi yake kidevuni, akakohoa.

"Bibi, samahani sana, lakini..."

"Ng'oa, mjukuu wangu. Ila wakikuuliza, useme ni wa paka."

Kulipokucha, fuwele zilikuwa zimejipanga kwenye tone, safi, zinameremeta chini ya darubini. Mtafiti hakupiga hata kigelegele. Alirudi nyumbani, akainama polepole, akambusu bibi yake palepale kidevuni, ngozi ikiwa bado imevimba.