Muhogo Uliofunuliwa Mapema

Kosa nitakaloliweka wazi hapa ni la mtu kujifanya anajua asilolijua. Watu huliita majivuno na kulisamehe, hasa likiwa la kijana. Mimi sijalisamehe, kwa kuwa nakumbuka liliponifikisha: mama wa mume wangu amekwisha kunawa, chakula kiko mbele yake, nami nimesimama mlangoni nikijua kwamba sijui nilichompikia.

Nilizaliwa upande wa Kagera, katika nyumba ya mwalimu wa Kilutheri aliyeamini kwamba mtoto wa kike akishika kitabu asisumbuliwe na jiko. Nilikwenda shule ya bweni ningali mdogo. Likizoni dada zangu walimenya ndizi, mimi nikaachwa nisome. Hivyo nilifika umri wa kuolewa nikiwa na cheti cha ualimu na mikono isiyoweza kukadiria chumvi.

Siku niliyopelekwa kwa wakwe, ng'ambo ya kivuko cha Busisi, mama mkwe aliniuliza mbele ya watu kama nazijua kazi za nyumbani. Angeridhika na jibu lolote la kweli. Msichana anayesema "nitajifunza" hafukuzwi. Mimi nilimjibu:

"Nazijua zote, mama."

"Zote?" Alicheka taratibu. "Mimi nimezeeka nazo, na bado nyingine zinanishinda. Haya, nitakuja kula."

Ahadi hiyo haikuwa ya mzaha. Katika ukoo wao mama wa mume hali kwa mkaza mwana mpaka ampelekee muhogo wa shamba lake mwenyewe, na mke auandae kwa mkono wake tangu kumenya hadi kusonga. Mama akishakula, mke huitwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni tu, hata akizaa.

Tulipanga vyumba viwili Butimba, chini ya majabali, mahali ambapo upepo wa ziwa ulipanda na kengele ya chuo cha ualimu ikisikika asubuhi na jioni. Kengele ile ilinitesa. Miaka iliyotangulia, mwalimu alimaliza chuo leo na kupangiwa kituo kesho. Sasa serikali ilikuwa imefunga mkono, na barua yangu haikuja. Maduka yalijaa bidhaa ambazo utotoni tulizisikia kwa jina tu, huku katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi mume wangu majina ya watu wa kupunguzwa yakibandikwa ukutani. Alirudi kila jioni akiwa kimya. Sikujua kama ukimya ule ulikuwa wa kiwanda au wa mboga yangu, nami sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri.

Siku zangu hazikutulia. Nilianza jambo na kuliacha katikati, nikaenda dirishani, nikarudi, nikasahau nilichorudia. Nilishona pazia kwa cherehani ya kuazima. Upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine kwa kiganja kizima, nikalikunja na kusema ndiyo mtindo wa siku hizi. Nilipanda mchicha kati ya mawe mawili na kuumwagia mbolea ya kuku ikiwa mbichi, ili uote upesi. Uliota, ukaungua, ukanyauka wiki ileile.

Shahidi wa yote hayo alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeishi nasi. Alikuwa amenizidi miaka michache, ameishia darasa la nne, na alijitafutia kwa kukaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Alinuka mafuta na samaki tangu alfajiri. Namwomba msomaji anisamehe, maana lazima niseme kweli: nilimdharau. Nilimdharau kwa adabu, kama wanavyodharau wasomi, nikimsahihisha Kiswahili chake alipotamka "rara" badala ya "lala."

Yeye alinilipa kwa utani.

"Wifi mwalimu," alisema siku alipouona mchicha umeungua, "huu mchicha umefeli mtihani au aliyefeli ni mwenye shamba?"

"Udongo wa huku una mawe."

"Mh. Mawe na ya kwetu yapo, na mchicha tunakula."

Gunia lilikuja mwanzoni mwa kiangazi, juu ya lori lililovuka Busisi. Lilikuwa limejaa muhogo mchungu, na ujumbe wa mama mkwe ulikuwa mfupi: angekuja Jumapili ya tatu kula udaga wake, yaani ugali wa muhogo huo. Mume wangu alilishusha sebuleni, akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Utaweza?"

"Kwani muhogo ni nini?"

Jioni ile wifi alikuwa akifunga mzigo. Alikuwa amepata habari ya msiba kijijini kwao, naye angekaa huko wiki mbili hivi. Alichukua muhogo mmoja, akauvunja, akaugusisha ulimi na kutema nje.

"Mchungu kwelikweli. Wifi, kuvundika unajua?"

Hapa ndipo ilipokuwa njia yangu ya kutokea. Tulikuwa wawili tu. Hakuna mtu angesikia. Lakini neno kuvundika nililijua tangu utotoni: kwetu ndizi huvundikwa, hufunikwa kwa majani mpaka ziive. Nilidhani muhogo nao ni jamaa ya ndizi.

"Wifi, mimi ni wa Kagera. Tunavundika tangu mababu."

"Ndizi," alisema.

"Kuvundika ni kuvundika."

Alinitazama kidogo, akajitwisha mzigo wake, akaondoka.

Nilimenya kutwa nzima. Vidole vilijaa malengelenge. Nilianika muhogo juani siku moja kama nilivyowaona majirani wakifanya, nikaurundika pembeni mwa sebule na kuufunika kwa magunia. Kisha nikashindwa kutulia. Anayejua kazi huifunika akaenda zake. Mimi nilifunua gunia asubuhi, nikalifunua tena adhuhuri, nikabonyeza, nikanusa, nikafunika. Siku ya pili, jua lilipokuwa linashuka, niliona vinyweleo vya ukungu, vyeupe kwanza, na chini yake madoa yanayoelekea weusi. Harufu ilikuwa kama ya soksi zilizolala na maji.

Ndizi yenye ukungu ni ya kutupa. Nilijiona nimeharibu gunia zima la mama mkwe. Jirani alikuwa akitwanga hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba yake vipande vyeusivyeusi vilikuwa vimeanikwa tangu juzi. Nilivitazama vipande vile, nikasema moyoni kwamba watu hawa hawajui usafi. Hivyo ndivyo kiburi kinavyomfanya mtu: jibu liko mbele ya macho yake naye analitolea kasoro.

Basi nikachota maji, nikasugua muhogo wote kwa brashi ya nguo, nikaondoa kila alama ya ukungu, nikauanika juu ya jabali letu. Ulikauka mweupe kama chaki. Nilipoutwanga na kuuchekecha, unga ulikuwa laini wa kupendeza, nami nikafurahi kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Mama mkwe hakusubiri Jumapili. Alikuja Alhamisi, pamoja na wifi, wakiwa wamekosa kivuko cha kwanza na kupigwa jua kwenye foleni ya Busisi tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina njaa ya kumla ng'ombe na pembe zake. Unga upo?"

"Upo, mama."

Nilibandika maji kwa haraka. Nilisonga. Wifi hakuwepo jikoni. Alikuwa ameenda kuoga vumbi la safari. Nikapakua ugali, nikapakua samaki, nikapeleka maji ya kunawa. Mume wangu, aliyekuwa ameingia kutoka kiwandani, aliketi karibu na mama yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimwona ametabasamu.

"Mbona mweupe kama sembe?" mama mkwe aliuliza.

"Nimeuosha vizuri, mama."

"Eh! Wasomi!" alisema, akaanza kunawa.

Nilirudi jikoni kuchukua chumvi, nikamkuta wifi ameinama juu ya ungo. Alikuwa amechovya kidole katika unga. Alikitia mdomoni, uso ukabadilika, akatema jivuni.

"Wifi. Huu muhogo uliufunika siku ngapi?"

"Siku zinazotakiwa."

"Ngapi?"

"Wifi, mama anasubiri."

Alinishika mkono juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya mtu anayebeba ndoo za mafuta. Alisema kwa sauti ya chini, bila utani hata chembe:

"Sikiliza. Muhogo ule hauvundikwi ili uive. Unauvundika ili uchache, uote ukungu mpaka uwe mweusi, ndipo uchungu unatoka. Uchungu ule ni sumu. Mwaka mmoja wa njaa kule kwetu, nyumba ya tatu kutoka yetu, watu walikuwa na haraka. Walikula jioni. Asubuhi tulizika watoto wawili. Mayu hajala tangu jana. Atakula sana." Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Siku ngapi?"

"Mbili," nilisema.

Alifumba macho. Nilitegemea aende mbio sebuleni. Hakwenda. Aliniachia mkono.

"Nikisema mimi, nimekuumbua, na utaniona adui mpaka kaburini. Ukisema wewe, umekosea tu. Ameshanawa. Nenda."

Hatua kutoka jikoni hadi sebuleni hazikufika kumi. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi tangu siku ile, nimezika wazazi wote wawili, lakini sijatembea tena njia ndefu kama ile. Nilipofika mlangoni mama mkwe alikuwa amekwisha kumega tonge, analiviringisha kiganjani, akiongea na mwanawe habari za kivuko.

"Mama, usile!"

Tonge lilibaki hewani.

"Muhogo haukuchacha. Niliuona ukungu nikauosha. Sijui kuvundika muhogo, mama. Sijui kupika, wala kushona, wala bustani. Siku ile nilisema uongo."

Mume wangu alinitazama kama aliyesomewa jina lake kwenye tangazo la ukutani. Mama mkwe alirudisha tonge kwenye sahani polepole, akanawa tena mkono ule, mara mbili, akaupangusa kwa khanga yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Na kama mwenzako asingekuja nami leo?"

Swali hilo najiuliza mpaka leo.

"Chimbeni shimo, mfukie ule unga wote, kuku wasiufikie," alisema. Kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Nipe mapanki yako nile. Hayo angalau nayajua."

Alikula mapanki kwa ugali wa sembe uliosongwa na wifi. Kesho yake asubuhi alivuka kurudi kwao. Mlangoni aliniambia: "Gunia lingine litakuja mwakani. Sijasema siji."

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi kuliko nilivyowahi kuwa chuoni, na mwalimu wangu hakuwa mpole. Wifi alinifumulisha pazia lote na kunifanya nipime kwa kamba kabla ya kukata. Alinifundisha kuiacha mbolea ya kuku ipoe na kuoza mpaka isinuke. Nilipouliza jambo mara ya kwanza, aliweka kikaango chini.

"Rudia."

"Nimesema, chumvi inatiwa kabla au baada?"

"Mungu mkubwa. Mwalimu kanyoosha kidole!"

Alicheka mpaka machozi, kisha akanijibu. Nami nilipomsikia tena akitamka "rara," nilinyamaza.

Siku zangu hazikupata utulivu kwa ghafla. Barua ya kupangiwa kituo iliendelea kutokuja, na mume wangu akapunguzwa kazini kama tulivyoogopa. Gunia lilipokuja, nilimenya, nikaanika, nikarundika, nikafunika, na mikono ikaniwasha kufunua. Wifi alilichukua jiwe la kusagia akaliweka juu ya magunia.

"Ukilisogeza hili nitalisikia."

Nililala na harufu ile siku tano. Tulipofunua, muhogo ulikuwa laini, umevaa ukungu mweusi kama manyoya ya paka. Tuliukwangua kwa migongo ya visu, tukaumeng'enya, tukauanika juu ya jabali, na safari hii vipande vyangu vilifanana na vya jirani. Kabla ya kusonga niliulamba unga mwenyewe, mara tatu. Haukuwa na uchungu.

Mama mkwe alikuja siku aliyoahidi. Ugali ulikuwa wa kijivu, unavutika. Alimega, akaunusa kwanza. Alikula tonge la kwanza, akala la pili, akaomba mboga zaidi. Alipomaliza alinawa, akaninyooshea bakuli.

"Haya, mwenye nyumba, ondoa vyombo."

Nilipoinama kuviondoa, aliuliza mbele ya mwanawe na ya majirani wawili walioingia kusalimia:

"Sasa nambie. Hii kazi umeijulia wapi?"

Lile jibu la zamani lilikuwa bado lipo, tayari kwenye ulimi wangu. Nililimeza. Nilimtazama yule aliyekuwa ameketi karibu na mlango, nguo zake zikinuka mafuta na samaki, amejiinamia kana kwamba swali halimhusu, nikamtaja aliyenifundisha.

"Wifi."