Sentensi ya Ufunguo

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa ulimi, kisha akanivumilia nilipoutumia vibaya.

Nikisikia harufu ya kaye mpya, maana daftari kwetu Buyenzi tuliliita kaye, wivu wa utotoni hunirudia, nami hufanya haraka kuomba maghufira.

Nilikuwa na miaka kumi, vita vikiwa vimeuzunguka mji wa Bujumbura, Zaina alipoletwa kwetu. Asubuhi moja mtaani kwao Kinama kulichafuka, watu wakakimbia, naye akapotezana na mama yake, dada wa baba yangu. Zaina alilala kwenye mkeka wangu. Habari za siku ile hakumwambia mtu.

Alasiri tulisoma Kiingereza barazani kwa Mwalimu Hamisi, fundi cherehani aliyewahi kuishi Nairobi. Kila mtoto alileta neno moja, maana yake, na sentensi. Sharti lilikuwa moja tu: sentensi itoke maishani mwako. Mimi zangu nilizinakili kwenye kamusi kuukuu. Siku moja nikasoma kwa madaha kwamba malkia anazuru shamba.

"We Mariamu," mwalimu akasema, mkasi mkononi, "malkia gani alipita hapa Buyenzi, na mi sikumushonea kanzu?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Zaina alileta vijineno vya kimaskini, kiatu, jua, barabara, na bado akasifiwa.

Kilichoniunguza zaidi ni baba. Kila siku baada ya swala ya magharibi alimwita: "Zaina, mutoto wangu, leo umeandika nini? Nisomee, kisha unieleze kwa Kiswahili." Akamsikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Mimi, mwanawe wa kumzaa, aliniuliza tu kama nimeosha vyombo.

Basi mwalimu akatangaza kuwa Jumapili mtoto mmoja atasoma sentensi yake mbele ya wazazi. Niliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Idi, ili baba anisikilize mimi. Zaina alipokwenda kuchota maji, nikafungua kaye yake, nikachukua sentensi ambayo alikuwa hajamsomea mtu: mama ana ufunguo wa nyumba yetu. Barazani nikawahi kuisoma.

Mwalimu akapiga meza. "Sasa hii ina mwenyewe! Jumapili utasoma wewe. Na we, Zaina?"

Zaina alinitazama, akafunga kaye. "Apana, mwalimu. Leo mi sina."

Jumapili nilisimama mbele ya wazazi, uso uking'aa mafuta, nikasoma kwa Kiingereza, nikaeleza kwa Kiswahili, nikamtafuta baba kwa macho nione tabasamu lake. Hakutabasamu; ufunguo wa nyumba yetu alikaa nao yeye, akajua sentensi ile si yangu. Aliinuka katikati ya watu, akaenda kuchuchumaa mbele ya Zaina.

"Alifunga mlango? Mama yako alitoka ndani?"

"Tulitoka wote, mjomba. Alifunga, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Ni huko barabarani mkono wake uliniponyoka."

Baba akalia mbele za watu, mtu mzima yule. Kisha akanigeukia. Nilisubiri kofi.

"Mariamu, murudishie mwenzako neno lake."

Sikujua neno hurudishwaje. Nilimwomba Zaina msamaha, naye akasema, "Basi, imeisha," akanishika mkono tukaenda nyumbani. Shangazi hakuonekana tena.

Ilinichukua miaka kuelewa. Siku ile ya Kinama Zaina hakuweza kuisimulia kwa lugha tuliyoongea nyumbani, kwa hiyo aliisimulia kidogo kidogo kwa lugha ya ugenini, ambayo hakuna aliyewahi kulia kwayo mbele yake. Na baba, ambaye nilidhani anampenda kunishinda, kila jioni alikuwa akimtafuta dada yake humo, neno kwa neno. Nami nilimwonea wivu mtoto asiye na mama.

Wewe unayesoma, Mola akulindie uwapendao, na akupe subira ya kumsikiliza anayesema polepole. Amina.